Kigingi Ulichokiacha kwenye Miwa

Mwanangu Nafula,

Utakunja uso ukiona nimekuita hivyo. Nimekuzidi miaka sita tu, na tangu wenzako wa darasa la pili walipokucheka kwa kuniita Mama, uliacha, ukaanza kuniita Nanzala kama watu wengine. Niliumia. Leo nimelirudisha jina hilo kwa sababu nina jambo ambalo mama ndiye angemwambia mtoto wake, na hatuna mwingine wa kulisema.

Umekwenda kwa Mama Rosa kuazima sanduku, na mvua imekushika huko huko. Baba ametoka na baiskeli tangu asubuhi, sijui yuko wapi. Mimi nimekaa jikoni, daftari juu ya magoti. Kesho alfajiri Senge, dada ya Baba, atakuja kukuchukua akupeleke kwake Mautuma. Mambo ya kuamka mapema na kufua soksi sitayaandika. Senge ana mdomo wa kutosha kwa hayo.

Nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika mbali na huwezi kuniuliza kitu. Unanijua. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, sauti haitoki. Kwenye karatasi naweza.

Mama alipokufa ulikuwa na miaka mitatu. Ulikataa obusuma, ugali wetu, ya kila mtu isipokuwa ile niliyokumegea mimi, kwa hiyo nilijifunza kupika nikiwa na miaka tisa, nimesimama juu ya kigoda. Unaijua hadithi hiyo, Senge huisimulia kila akija. Kuna nyingine ambayo Senge haijui.

Miaka hiyo ndiyo miwa ilikuwa imeingia kwa nguvu. Watu walichanganyikiwa, Nafula. Waling'oa mihogo, wakang'oa migomba, miwa ikafika kwenye madirisha. Jirani yetu Mzee Makokha alikuwa akisema kwamba akifungua mlango asubuhi, miwa inamsalimia kabla ya mke wake. Kila aliyevuna alijenga nyumba ya mabati na kununua redio. Sisi pia tulipata mabati haya yanayopigwa na mvua sasa. Kisha tukaanza kununua mahindi kwa watu wa Lumakanda, sisi ambao ghala letu lilikuwa likijaa.

Mama alizikwa shambani, mbele ya ile nyumba ya zamani iliyobomolewa. Hakukuwa na saruji. Wajomba, ndugu zake Mama, walilizungushia kaburi mawe waliyoyatoa mtoni. Trekta la kiwanda cha sukari lilipokuja kulima, Baba aliwaambia wazunguke, wakazunguka. Lakini mwaka ulioingia darasa la kwanza ilikuwa zamu ya kung'oa visiki vya miwa ya zamani na kupanda upya, na dereva alikuwa mwingine. Akazima injini akamwambia Baba, "Mzee, mimi sikuja kucheza ngoma hapa, nizunguke, nirudi, nizunguke. Kama ni shamba lote, nilime. Kama siyo, kuna wengine wananingojea."

Ni kweli walikuwa wakimngojea. Baba alisimama. Aliangalia trekta, akaangalia mawe. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Nanzala, toa hayo mawe."

Niliyatoa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikikumbuka sasa naona kwamba Baba alikuwa akingoja mtu alie, apate sababu ya kumkatalia yule dereva. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na sikulia. Nilibeba mawe moja moja mpaka mpakani, nikayapanga chini ya mti wa lusiola ili yasipotee. Trekta likapita. Tulipanda miwa kabla ya wiki kwisha.

Jioni ulitoka shule ukayaona mawe chini ya mti. Ukauliza, "Mama yuko hapa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilitaka tu ule, ulale. Nilidhani ukikua kidogo nitakuambia. Lakini Jumamosi iliyofuata ulichukua ufagio ukafagia chini ya lusiola, na Jumamosi nyingine tena, na miaka sita hujaacha. Umepanda maua pale. Ulimpelekea Mama ripoti yako ya shule ukamsomea. Na mimi nilikuwa nikija kukusaidia kufagia. Lile neno moja naweza kujisamehe, nilikuwa mtoto. Ufagio siwezi.

Mama hayuko chini ya lusiola. Yuko kwenye miwa.

Nimeacha nafasi hapo juu kwa sababu niliweka kalamu chini nikaenda kuangalia kama unakuja. Huji. Mvua imezidi.

Sasa sikiliza habari za stima, kwa sababu unazijua nusu. Siku wale wapimaji walipokuja na vyuma vyao vya miguu mitatu, wewe ulikuwa shuleni na Baba alikuwa amekwenda sokoni. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa na adabu sana, alivua kofia kunisalimia. Alisema nyaya kubwa za stima zitapita hapa, na watasimamisha nguzo za chuma, moja itakuwa kwetu. Walipiga vigingi vitatu vyekundu karibu na lusiola, kuonyesha ukingo wa njia ya nyaya, na kimoja katikati ya miwa, mahali pa nguzo yenyewe. Niliingia kwenye miwa nikakiona kile kigingi. Hakikuwa mbali na Mama. Kilikuwa juu yake.

Yule mzee akafungua kitabu chake. "Msichana, kati ya vigingi hivi kuna nyumba, kisima au kaburi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini ningesema "kaburi" angeuliza "liko wapi," na ningemwonyesha miwa iliyonizidi urefu, na wale vijana wake wawili wangetazamana. Niliona aibu. Kwa watu wetu, mume aliyelima juu ya kaburi la mkewe amewatukana wakwe zake, na mtoto anayesimulia hayo kwa wageni amemvua baba yake nguo. Nikasema, "Hakuna."

"Una kitambulisho?"

"Ninacho." Kilikuwa na wiki mbili.

"Basi weka sahihi hapa, wewe ni mtu mzima."

Nikaweka. Akaniambia nina mwandiko mzuri. Nafula, nisikufiche hata hili: nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kuhitaji jina langu.

Baba aliporudi nilimwambia wapimaji wamekuja. Akauliza, "Waliuliza nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Ukasema nini?" Nikamwambia. Akasema, "Sawa." Ndivyo tulivyoishi miaka yote, mimi na yeye, kila mmoja akimshukuru mwenziwe kwa kunyamaza.

Barazani ulikuwepo. Unakumbuka jinsi watu walivyowaka. Yule afisa wa kampuni ya stima aliposema ni maendeleo, Mzee Makokha alisimama na fimbo yake: "Hiyo stima inapita juu ya kichwa changu inaenda kuwashia nani taa? Mimi nitabaki na koroboi yangu hapa chini nikitazama maendeleo yakipita."

Watu walicheka, hata afisa alicheka. Lakini alisema wazi kwamba ardhi ikitakiwa kwa faida ya wote itachukuliwa, na kwamba miwa itakayoharibika italipwa.

"Miwa itamea tena," Mzee Makokha akasema. "Mimi nauliza udongo."

"Mzee, tutapinda nyaya kwa ajili ya kaburi. Hatutapinda kwa ajili ya hasira."

Hapo watu wote waligeuka kumtazama Baba, kwa sababu wenye umri wao wanajua Mama alizikwa humu humu shambani. Afisa akasoma kitabu chake: shamba letu, hakuna nyumba, hakuna kaburi, sahihi ipo. Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikatazama majani. Ni wewe uliyesimama, na miaka yako kumi na miwili na sare ya shule, ukasema, "Mama yetu yuko pale, chini ya lusiola."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwani siku hizi baraza ni la watoto?" Wewe hukukaa. Afisa akaangalia mchoro wake, akakujibu kwa upole kwamba lusiola iko ukingoni, itapunguzwa matawi tu, nguzo haitaligusa kaburi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Watu wakapumua. Mzee Makokha pekee ndiye aliyeendelea kumtazama Baba, na macho yake hayakuwa mazuri. Yeye alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi la Mama.

Hukuamini habari ya matawi. Kesho yake ukadamka, ukang'oa vile vigingi vitatu karibu na lusiola ukavitupa mtoni. Ulirudi na matope mpaka magotini, unacheka. Nikakuuliza, "Vyote?" Ukaniambia, "Kile cha kwenye miwa nimewaachia. Huko hakuna mtu."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliendelea kuiosha.

Baadaye liguru, mzee wetu wa kijiji, alikuja akamwambia Baba kwamba chifu amekasirika, polisi watakuja na wenye stima siku ya Ijumaa kurudisha vigingi na kuanza kuchimba, na kwamba mtoto aliyevitupa akikutwa hapa watamchukua. "Mpeleke mahali apoe," alisema. Ndiyo sababu unakwenda Mautuma. Wewe unafikiri unafukuzwa kwa kumtetea mama yako. Ukweli ni mbaya kuliko huo. Unaondoka kwa ajili ya kosa langu, na ulichokitetea ni mawe niliyoyahamisha kwa mikono yangu.

Ijumaa ni kesho.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchota maji, nilimfuata Baba alipokuwa akinywa chai. Nilimwambia kwamba kesho wakija nitawaonyesha mahali.

Akasema, "Nilikupeleka sekondari ili uje univue nguo mbele ya wajomba zako?"

"Baba, mimi ndiye niliyesema hakuna. Nitasema hilo tu."

"Watakuuliza mawe yalikwendaje kule."

"Niliyabeba mimi."

"Ulitumwa."

"Ndiyo, Baba. Niseme na hilo?"

Aliweka kikombe chini. Nilidhani atanipiga, ingawa hajanipiga tangu nilipobalehe. Alisema polepole, "Nanzala, wale hawatakuamini hata. Watasema tumezua kaburi juzi ili tukatae nguzo. Mashahidi ni waliomshusha kaburini, na waliomshusha ni mashemeji zangu. Unataka niwaite waje wasimame juu ya dada yao, na miwa imeota kichwani pake? Watamdai arudishwe kwao. Watakuwa na haki."

Akasimama. Mlangoni akasema, "Sema yako. Yangu niachie." Akachukua baiskeli. Sijui kama amekwenda kunywa, au amekwenda kwa chifu kusema nina wazimu nisisikilizwe, au amekwenda tu. Nimeogopa siku nzima.

Wakati nangoja nimefikiri nikuachie nini cha kwenda nacho, nami sina hekima, nimemaliza shule juzi. Ninachojua ni hiki. Mimi sikuwahi kusema uongo kwa sababu nilitaka kitu. Nilisema, au nilinyamaza, kila mara ili mtu aliye mbele yangu asinung'unike: dereva, wewe, yule mzee wa kofia. Watu wananisifu kwamba nina heshima, na wewe umekuwa ukiambiwa uige heshima ya dada yako. Usiige. Mimi nimekuwa nikiuonea wivu mdomo wako tangu ulipoanza kusema. Nilipokuona umesimama barazani nilijivuna mpaka machozi yakanitoka, na wakati huo huo nilikuwa naomba ukae chini.

Usifike Mautuma ukawa kimya kwa sababu ya haya niliyoandika. Lakini uliza mara ya pili. Uliza hata mtu unayempenda, hata aliyekulea. Ungeniuliza siku moja tu zaidi, "Nanzala, kweli Mama yuko hapa?", ningesema. Nina hakika ningesema. Au labda najidanganya. Wewe uliza tu.

Na usimchukie Baba. Nimejaribu mimi mwenyewe, kwa sababu ingekuwa rahisi, nikashindwa. Hajawahi kuoa tena, ijapokuwa mwaka wa mabati wanaume wote waliovuna walioa. Kila tunapopanda, ule mstari unaopita juu ya Mama yeye haugusi. Ananiachia mimi.

Mvua inapungua. Nimesikia baiskeli.

Nafula, mambo yamebadilika tangu nilipoweka kalamu chini, ngoja niandike upesi. Baba ameingia, ameloa chapachapa. Amechukua panga nyuma ya mlango akaelekea shambani. Nilitoka mpaka kwenye kona ya jiko. Anakata miwa. Ni miwa michanga, haijafika nusu ya umri wake, na unajua kiwanda hakiruhusu mtu kukata hata miwa yake mwenyewe bila karatasi yao. Anakata kuanzia njiani kuingia ndani, upana wa watu wawili.

Mzee Makokha alikuwa akipita na ng'ombe wake, panga mkononi. Nimeyasikia yote.

"Wee, unakata bila kibali? Utafungwa."

"Nitafungwa."

"Kwa ajili ya nguzo?"

Baba aliendelea kukata. Mzee Makokha akafunga ng'ombe kwenye ua wetu. Akauliza, "Na mashemeji zako je?"

"Nimetoka kwao sasa hivi. Watakuja kesho, wote watatu."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia nililima."

"Wakasemaje?"

"Mkubwa wao aliingia ndani akafunga mlango. Mdogo alinitemea mate. Wa katikati akauliza nguzo inachimbwa saa ngapi." Kisha Baba akasema, "Nipe hilo panga lako, hili ni butu."

Mzee Makokha hakumpa. Aliinama akaanza kukata yeye mwenyewe, kandokando yake.

Kwa hiyo barua hii siiweki chini ya nguo. Naiacha juu ya mto wako, uisome leo, ungali hapa, unipige ukitaka. Hatujui kesho itakuwaje. Wajomba wanaweza kumchukua Mama, wenye stima wanaweza kusema sahihi ni sahihi. Senge atakuondoa kabla hujaona mwisho wake, kwa maana polisi ni polisi. Lakini hutaondoka bila kusimama mahali pake hata mara moja.

Baba ananiita. Amefika ndani na amesimama, hajui akate upande gani, miwa yote inafanana na kigingi kimefunikwa na majani. Anauliza ni mstari wa ngapi.

Naujua. Ni wa kumi na nne kutoka njiani. Nimepiga kelele kumjibu, na sauti imetoka. Sasa nakwenda kumwonyesha. Ukifika na hilo sanduku liache mlangoni, usome, kisha ufuate njia iliyokatwa.

Nanzala